Ushauri ulionipandisha cheo sasa unawaziba watu wangu midomo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38. Tangu mwaka jana ninaongoza idara ya usafirishaji mizigo katika kampuni niliyoanza kuitumikia nilipomaliza chuo. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni na kazini sina wa kumwambia. Walio chini yangu siwezi kuwaeleza, na walio juu yangu nisingependa walijue.

Nilipoanza kazi nilikuwa mtu wa kukimbilia kwa mkubwa kila kitu kikikwama. Bosi wangu wa kwanza, mzee mmoja ambaye sasa amestaafu, alinivumilia kwa muda, halafu siku moja akanisimamisha mlangoni kwake akaniambia: "Binti, tatizo hata mlinzi wa getini anaweza kuniletea. Wewe niletee suluhisho." Maneno hayo yalinichoma, lakini ndiyo yaliyonijenga. Kuanzia hapo sikuingia tena ofisini kwake mikono mitupu. Nilikuwa naandika njia mbili tatu za kutatua jambo, ndipo nabisha hodi. Tulikuwa tukikaa jioni, wengine wakishaondoka, anapitia nilichoandika, anauliza "halafu?", nikijibu anauliza tena "halafu?", hadi naliona pengo mwenyewe. Niliijua kazi kuliko wenzangu wote tulioanza pamoja, na kila nilipopandishwa cheo nilimshukuru yeye.

Nilipokabidhiwa idara, katika kikao cha kwanza niliwapa watu wangu maneno yale yale. Nikayachapisha kwa herufi kubwa nikayabandika ukutani: "Lete suluhisho, si tatizo." Niliona nawapa urithi.

Shangazi, idara imekuwa kimya. Vikao vinaisha upesi, kila mtu anasema mambo yako sawa, halafu matatizo nayasikia kwa wateja. Mwezi uliopita limetokea kubwa. Kijana mmoja, mwangalifu sana, aligundua kwamba uzito unaoandikwa kwenye hati za mteja wetu mkubwa haulingani na uzito unaopakiwa. Akakaa nalo wiki kadhaa. Mteja akaligundua mwenyewe, akavunja mkataba. Nilipomwita kijana na kumuuliza kwa nini hakuniambia, alinitazama akasema: "Bosi, nilikuwa bado natafuta suluhisho."

Wakubwa wanataka nimwandikie barua ya onyo. Imeshaandaliwa, iko mezani kwangu, sijaitia sahihi. Upande mmoja nasema vijana wa leo wanataka kutafuniwa kila kitu, mbona mimi niliweza? Upande mwingine jibu lake halinitoki kichwani.

Juu ya hayo, kampuni inaandaa hafla ya kuwakaribisha viongozi wapya, nami nimeombwa nizungumzie ushauri ulionijenga kikazi. Mzee wangu amealikwa, atakaa mstari wa mbele, na wote wanatarajia nitayataja maneno yake. Je, niyaseme? Nikiyaacha nitakuwa mtovu wa fadhila. Nikiyasema nitakuwa nawahubiria watu jambo ambalo mwenyewe sina hakika nalo tena.

Tafadhali nisaidie.

Kiongozi Njia Panda


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuniamini na jambo zito namna hii.

Nianze na lisilosubiri. Hiyo barua ya onyo usiitie sahihi. Yule kijana hakukaidi, alitii. Ukutani pameandikwa asilete tatizo, alete suluhisho. Akaliona tatizo, akalitafutia suluhisho, hakulipata, akanyamaza. Ukimwadhibu leo, wenzake wanaotazama watajifunza kwamba anayeleta tatizo bila suluhisho ana kosa, na anayekaa nalo akilitafutia suluhisho ana kosa vilevile. Mtu aliyebanwa hivyo hubakiwa na njia moja tu, nayo ni kujifanya hakuona. Na asiyeona hutaweza kumwandikia onyo, kwa hiyo hutajua kamwe umepoteza nini.

Wakubwa wako watauliza. Waambie ukweli: agizo lilitoka kwako, umeyaona madhara yake, unalifuta, na huwezi kumwadhibu mtu kwa kulifuata. Najua umeandika kwamba hungependa walijue hili. Lakini mkataba umeshavunjika na hilo wanalijua. Kilichobaki ni kama watakukumbuka kuwa uliubeba mzigo huo au ulimbebesha aliye chini yako. Mwezi Juni 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, siku moja kabla ya majeshi ya nchi washirika kuvuka bahari kwenda Normandy, Ufaransa, kupambana na Wajerumani, kamanda wao mkuu, Jenerali Dwight Eisenhower wa Marekani, aliandika karatasi fupi ya kutumika endapo uvamizi ungeshindwa. Aliwasifu wanajeshi kwa ushujaa wao, akasema kama kuna lawama yoyote basi ni yake peke yake. Karatasi haikutumika, kwa sababu uvamizi ulifaulu. Nitarudi kwa Eisenhower baadaye, maana naye alikuwa na mzee wake.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Unajiuliza kama yalikuwa mabaya. Hayakuwa. Yalisemwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja, kwa sababu aliyoijua: alikuwa na binti mwenye akili anayekimbilia kwa mkubwa kabla hajafikiri. Mzee alikutazama, akakupima, akakupa kilichokufaa wewe. Dawa aliyoandikiwa mgonjwa mmoja haigawiwi wodi nzima, hata kama yeye ilimponya. Kati ya watu wako yumo anayehitaji kuambiwa hivyo hivyo, sina shaka. Lakini yule kijana mwangalifu alihitaji kuambiwa kinyume chake: njoo mapema, hata kama hujui la kufanya.

Na lipo jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako. Ulipoyachukua maneno yale, uliyafanya sheria yako mwenyewe. Yalikubana wewe, na siku ambayo hali ni ya hatari ungeweza kuyavunja kwa hiari yako. Ulipoyabandika ukutani yakawa sheria inayowabana wengine, tena kutoka kwa mtu anayeandika tathmini zao na kupendekeza nani apandishwe cheo. Maneno hayajabadilika, ila sasa yana mamlaka nyuma yake. Anayeanza kazi akisema "naleta suluhisho", hiyo ni nidhamu. Mkubwa akisema "lete suluhisho", aliye chini husikia "usinisumbue", hata kama moyoni mwako hukukusudia hivyo.

Ndiyo maana ushauri unaomfaa mtu tangu ngazi ya chini hadi ya juu, ukiuchunguza, mara nyingi ni ule unaomfunga yeye mwenyewe. Warren Buffett, mwekezaji wa Marekani, amekuwa akisimulia ushauri aliopewa na Tom Murphy, aliyeiongoza kampuni ya utangazaji ya Capital Cities: kumtukana mtu unaweza hata kesho, nafasi hiyo haipotei, basi leo nyamaza. Ushauri huo unamfaa karani na unamfaa mkurugenzi, na mkurugenzi unamfaa zaidi, kwa kuwa hasira yake huwaumiza watu wengi zaidi. Haumdai mtu mwingine chochote. Wa kwako, ulipopanda cheo, ulianza kuwadai wengine, tena ukawadai wale wenye uwezo mdogo kuliko wako.

Hebu fikiria ni nani huliona tatizo kwanza. Mara nyingi ni aliye chini kabisa, anayeshika mzigo na hati kwa mikono yake. Na nani ana uwezo wa kulitatua? Mara nyingi ni aliye juu, mwenye sahihi, mwenye bajeti, mwenye namba ya mteja. Uzito wa kwenye hati usipolingana na uzito uliopakiwa, kijana wako angefanya nini peke yake? Hawezi kumpigia mteja simu. Hawezi kusimamisha magari. Hawezi kuagiza mizani ikaguliwe. Suluhisho lililokuwa ndani ya uwezo wake lilikuwa moja tu, kukuambia wewe, na hilo ndilo hasa ulilokuwa umemkataza.

Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kwenye mstari wa kuunganisha magari huwa na kamba anayoivuta, au siku hizi katika baadhi ya viwanda kitufe anachobonyeza, akiona kasoro. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anamfuata pale alipo, wanatazama pamoja. Wakishindwa kulimaliza kabla gari halijafika mahali palipowekwa alama, mstari unasimama. Hakuna anayemuuliza kwanza ana suluhisho gani. Kazi yake ni kuvuta kamba, na kuitikia ni kazi ya kiongozi. Waliupanga utaratibu huo kwa makusudi, kwa sababu kasoro isiyosemwa pale ilipoanzia huwa ghali zaidi kila inapovuka hatua moja.

Lakini kisa ninachotaka ukishike zaidi ni cha kampuni ya magari ya Ford. Alan Mulally alitoka kampuni ya ndege ya Boeing akaja kuiongoza Ford mwezi Septemba 2006, mwaka ambao kampuni hiyo ilipata hasara ya dola bilioni 12.7. Kila Alhamisi aliwakutanisha wakuu wa idara zote, kila mmoja aonyeshe kazi zake kwa rangi: kijani mambo ni sawa, njano kuna wasiwasi, nyekundu kumeharibika. Wiki za mwanzo kila kitu kilikuwa kijani. Kampuni inapoteza mabilioni, na hakuna mkuu hata mmoja mwenye tatizo! Mulally akawauliza kama kweli hakuna kinachokwenda kombo. Hatimaye Mark Fields, aliyesimamia eneo la Amerika, akaja na nyekundu. Uzinduzi wa gari jipya, Edge, ulikuwa umesimamishwa kwa sababu ya hitilafu ambayo ilikuwa haijatatuliwa. Chumba kikanyamaza, na wenzake wakadhani kazi yake imeishia hapo. Mulally akapiga makofi. Akamshukuru kwa kuliweka jambo wazi, akauliza ni nani anaweza kumsaidia, na pale pale wengine wakaanza kujitolea watu na maarifa yao. Baada ya hapo rangi zote tatu zikaanza kuonekana vikaoni. Mulally alipoondoka mwaka 2014, aliyekalia kiti chake alikuwa Fields.

Tazama ni nini kilifanya kazi pale. Mulally alikuwa ameshawaambia kwamba anataka ukweli, na maneno hayo hayakumtoa hata mmoja. Kilichowatoa ni kumwona mwenzao ameleta tatizo bila suluhisho na hakudhurika. Watu wa idara yako nao wanasubiri kuona, na wanayemtazama ni kijana mmoja ambaye barua yake iko mezani kwako.

Kwa hiyo kimya cha vikaoni usikihesabu kuwa amani. Amy Edmondson, alipokuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochimba zaidi akaona kwamba watu wa timu hizo walikuwa huru kuyasema makosa, ilhali kwingine yalifichwa. Utafiti huo aliuchapisha mwaka 1996, na akauendeleza kwa miaka mingi baadaye. Idara ambayo vikaoni haina matatizo, lakini kwa wateja inayo tele, iko upande wa wale wanaoficha.

Sasa lile swali lako, "mbona mimi niliweza?" Hapo napingana nawe kabisa. Rudi uisome barua yako. Umeandika kwamba jioni, wengine wakishaondoka, Mzee alikuwa akikaa nawe, anapitia ulichoandika, anauliza "halafu?" hadi unaliona pengo mwenyewe. Umelitaja jambo hilo ukalipita haraka, ukayakazania maneno ya mlangoni. Mimi naamini kilichokujenga ni jioni zile. Alisema lete suluhisho, lakini alipoletewa suluhisho bovu alilipokea, akaketi nalo, akakuongoza hadi likanyooka, bila kukuaibisha mbele ya mtu. Uliweza kwa sababu nyuma ya ukali ule alikuwapo mtu aliyekupa muda wake. Watu wako umewapa ukali, muda hujawapa. Kuwalinganisha na wewe wa wakati ule si haki.

Mzee wa Eisenhower aliitwa Fox Conner. Eisenhower alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1915 akiwa wa 61 kati ya 164, na historia ya vita ilikuwa imemchosha kwa sababu kule walifundishwa kukariri tu. Mwaka 1922 akapelekwa Panama kutumika chini ya Jenerali Conner. Eisenhower alikuja kuwasimulia watu ushauri wa Conner: ichukulie kazi yako kwa uzito wote, lakini nafsi yako usiipe uzito huo kamwe. Ni ushauri mzuri, na ni wa aina ile inayomfunga mwenye nao. Unaona jinsi unavyopatana na karatasi ya 1944. Lakini haukufanya kazi peke yake. Hadi mwaka 1924 Conner alikuwa akimwazima vitabu, kwanza riwaya za kihistoria ili kumrudishia hamu, kisha historia yenyewe, na baada ya kila kitabu anamketisha na kumuuliza: kwa nini kamanda huyu aliamua hivi? Alikuwa na njia gani nyingine? Baadaye akamsaidia kupata nafasi katika chuo cha maofisa cha Fort Leavenworth, na mwaka 1926 yule yule aliyekuwa wa 61 akamaliza wa kwanza. Watu hukumbuka usemi kwa sababu ni rahisi kuusimulia. Miaka miwili ya maswali ni vigumu kuisimulia, kwa hiyo huachwa, na wanaofuata hupokea nusu ya urithi.

Nelson Mandela naye alieleza kwamba uongozi alianza kujifunza utotoni, akimtazama mlezi wake Jongintaba, kaimu mtawala wa Wathembu, jinsi alivyowasikiliza watu wote barazani, hata waliomkosoa vikali, na yeye akazungumza mwisho. Hapo hakuna maneno ya kubandika ukutani.

Wala usione aibu kwamba lililokupandisha silo litakalokuwezesha kuongoza. Mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti juu ya wauzaji katika kampuni zaidi ya mia moja za Marekani. Waliouza zaidi ndio waliopandishwa cheo zaidi, lakini kadiri mtu alivyokuwa bingwa wa kuuza kabla ya kupandishwa, ndivyo mauzo ya watu aliokabidhiwa yalivyoelekea kushuka. Kazi imebadilika, mwanangu. Zamani ulipimwa kwa matatizo uliyoyatatua wewe. Sasa unapimwa kwa matatizo yanayokufikia yakiwa bado madogo.

Ufanye nini basi? Bango liondoe, lakini usilibandue usiku kimyakimya. Liondoe kikaoni, mbele yao, ueleze sababu kwa maneno machache. Kisa cha kijana usikitaje mpaka uwe umezungumza naye na ameridhia. Kisha uliza swali moja lenye kushikika: ni jambo gani mnaloliona sasa hivi ambalo mteja akiligundua kabla yangu tutaumia? Halafu nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu na kitakukera. Usikijaze wewe. Pengine siku hiyo hatasema mtu. Baadaye atakuja mmoja mlangoni na jambo dogo, la kukujaribu tu, na huo ndio mtihani wako halisi. Usikunje uso. Usimuulize kwa nini hakusema mapema, wala usianze na nani kafanya. Mshukuru, muulize anahitaji nini kwako, na ukiahidi kitu kitekeleze kabla ya kikao kinachofuata, tena wenzake wajue kimetekelezwa.

Nadhani unaogopa kwamba ofisi yako itafurika. Hofu hiyo ni ya haki. Kiongozi anayepokea kila kitu na kukimaliza mwenyewe huwadumaza watu wake, na Mzee aliiona hatari hiyo kwako akaiwahi. Kwa hiyo nidhamu yake usiitupe. Anayekuja aseme ameona nini, amejaribu nini, na anahitaji nini kutoka kwako, iwe ni idhini, pesa, simu ya kumpigia mtu, au mtu wa kufikiri naye tu. Kwenye hilo la pili na la tatu, "sijui" na "bado" yawe majibu yanayokubalika, na wayasikie yakikubaliwa. Pia watenganishie mambo yanayoharibika kwa kusubiri na yasiyoharibika. Usalama wa watu, fedha za mteja, hati zisizosema kweli, hayo yakufikie saa ile ile hata kama anayeyaleta hana wazo lolote. Ratiba ya zamu inayomkera mtu, hiyo anaweza kukaa nayo siku mbili akaja na pendekezo. Itaje mipaka hiyo wazi. Usiwaachie wakisie, kwa sababu mwenye woga atakisia upande wa kunyamaza.

Na jioni ulizopewa, zirudishe kwa watu wako, hata kama haziwezi kuwa jioni. Tenga muda ndani ya saa za kazi, mtu mmoja kwa zamu yake, muda ambao haufutwi kila mkubwa anapokuita. Chukua alichoandika, hata kikiwa kibovu, umuulize "halafu?" kama ulivyoulizwa. Ningekuwa wewe ningeanza na yule kijana. Mtu aliyeona tofauti ya uzito ambayo wengine wote waliipita ni mtu wa kujengwa. Kabla ya hapo lakini, mwite umwambie kwamba onyo halipo tena, na umuulize swali tofauti na lile la kwanza. Usimuulize kwa nini hakusema. Muulize ni kitu gani kingemrahisishia kusema siku ile ya kwanza alipoiona tofauti. Hakuna mtu katika idara yako anayejua vizuri kuliko yeye namna matatizo yanavyojificha, na majibu yake yatakufaa kuliko yangu.

Tuje kwenye hafla. Maneno ya Mzee yataje. Ukiyaficha utamnyima haki yake, na wasikilizaji watakosa jambo la kweli lililokutokea. Ila usiyatoe peke yake. Simulia aliambiwa nani: msichana aliyekuwa akibisha hodi kabla ya kufikiri. Simulia zile jioni, simulia "halafu?", simulia mapendekezo yako mabovu aliyoyapokea kwa uvumilivu. Halafu sema wazi kwamba ulipopewa watu wa kuongoza uliyachukua maneno ukaziacha jioni, na sasa unazirudisha. Kijana na mteja usiwataje, hayo si ya jukwaani. Viongozi wapya watausikia ushauri pamoja na mtu aliyepewa na sababu aliyopewa, kisha kila mmoja atajua kama na yeye unamhusu. Sioni utovu wa fadhila hapo. Wengi hutajwa kwa sentensi moja waliyowahi kuisema, na Mzee wako atasikia kwamba kuna mtu anayekumbuka jinsi alivyofanya kazi.

Lakini asiyasikie hayo kwa mara ya kwanza akiwa mstari wa mbele. Mwendee kabla, na kama haiwezekani mpigie. Mweleze yaliyotokea idarani bila kupunguza. Kisha muulize swali ambalo nadhani hujawahi kumuuliza: je, kila mfanyakazi alimwambia vile? Dhana yangu ni kwamba hapana, na kwamba wapo aliowaambia waje hata usiku wa manane. Ikiwa ndivyo, utapata ushauri wake uliobaki, ule ambao hakukupa kwa sababu wakati ule hukuuhitaji. Na akisema aliwaambia wote hivyo hivyo, muulize kama kuna walionyamaza, na alijuaje. Mtu asiye na cheo cha kulinda tena anaweza kukujibu hilo kwa ukweli ambao hutaupata kwa mkubwa yeyote aliyeko kazini. Uende kwake ukiwa umeshazungumza na kijana, ili asije akadhani umekwenda kumwomba ruhusa.

Shangazi